Mama Wastani na Milango Yenye Chaki

Siku ya kwanza ya muhula Mama Wastani hakuandika fomula yoyote ubaoni. Aliingia, akautua mkoba wake mezani kwa kishindo, akawakagua wanafunzi wake wa mwaka wa pili wa sayansi ya jamii kama mtu anayechagua nyanya, kisha akauliza, "Nani kati yenu hajawahi kuchapwa kwa ajili ya hesabu?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Hata mmoja! Haya. Waliochapwa viganjani? Mgongoni? Nani alipigwa na kifutio cha ubao? Nani alivutwa sikio mpaka likatoka damu?"

Mikono ikaanza kupanda na kushuka, kwanza kwa aibu, halafu kwa mashindano, maana kila mmoja alitaka fimbo zake ziwe kali kuliko za mwenzake. Msichana mwenye miwani, aliyekuwa ameketi mbele, alisimulia kuhusu mwalimu aliyewacharaza kwa mguu wa kiti. Kijana wa nyuma alionyesha kidole kisichokunjika mpaka leo kwa sababu ya kugawanya sehemu. Kwa kila jibu Mama Wastani alichora mstari ubaoni, mistari ikabebana ikawa nguzo, nyingine ndefu, nyingine fupi. Viganja vikashinda kwa mbali.

"Mnaona hizi? Hizi ni takwimu," akasema huku akipangusa chaki kwenye sketi. "Mmezikusanya wenyewe, mmezicheka wenyewe, na hakuna aliyezimia."

Alikuwa anawajua vizuri. Wengi wao waliingia sayansi ya jamii kama mtu anavyopita uchochoroni kumkwepa mbwa mkali. Hesabu waliingiziwa kwa fimbo tangu wadogo, wakala kiapo kwamba wakifika chuoni hawatagusa tena namba, wataandika kuhusu watu. Halafu wakamkuta yeye. Jina la Mama Wastani alipewa na wanafunzi wa miaka ya nyuma, kwa sababu ya kulitamka neno hilo kila saa, na mumewe nyumbani alilidaka akawa analitumia kumchokoza kila chumvi ilipozidi kwenye mboga. Yeye hakujali. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamsha jirani, na hasira zake zilikuwa karibu.

Mpinzani wake mkubwa darasani alikuwa kijana waliyemwita Mshairi. Mashati yake yalinyooshwa pasi mpaka kwenye kola, na insha zake ziliwaliza wahadhiri wengine. Aliinuka siku hiyohiyo ya kwanza.

"Mwalimu, kwa heshima zote, binadamu hahesabiki. Kila mtu ana hadithi yake."

"Sawa, mwanangu. Mimi nataka tu kujua hiyo hadithi ni ya watu wangapi."

Darasa likacheka. Mshairi akaketi, amenuna.

Katikati ya muhula, asubuhi, Mama Wastani akiwa anaeleza jinsi ya kupiga kura ya sampuli, yaani kuchagua wa kuhojiwa kwa bahati nasibu, kelele zilisikika kutoka mtaa uliopakana na ukuta wa chuo. "Mwizi! Mwizi huyo!" Wanafunzi wakakimbilia madirishani. Kijana mwenye shati la bluu alikuwa anakimbia mguu niponye, akajikwaa kwenye mtaro, na kabla hajainuka jiwe la kwanza lilimpata shingoni. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema nani alipiga nini. Vyuma, matofali, ubao wenye misumari. Mwanamume mmoja alitoka nyumbani kwake akipiga mswaki, povu mdomoni, akamkanyaga kichwa yule kijana mara kadhaa kwa kisigino, kisha akarudi ndani kumalizia meno yake. Hata hakuuliza ameiba nini.

Mama Wastani alishuka ngazi mbio akaenda kugombana na mlinzi aliyekataa kufungua geti. Alimtukana, akamshika ukosi, akampiga ngumi za kifua. Geti lilipofunguliwa, watu walikuwa wanajitawanya kwenda kazini, na yule kijana alikuwa amelala mtaroni, uso wake hautambuliki. Polisi walikuja baadaye wakamfunika turubai.

Aliporudi darasani hakugusa chaki.

"Alikuwa ameiba nini?" akawauliza.

"Simu," wakasema wengine.

"Mliona?"

"Watu wanasema, Mwalimu. Na hawa hawapigwi bure. Kila anayepigwa ameiba."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu aliwahi kuyasikia nyumbani kwao. Mdogo wake wa kiume, mvulana mpole aliyekuwa anafundishwa ufundi saa, aliuawa kwenye kituo cha mabasi akiwa ameshika mkoba ambao abiria mmoja alimwomba amshikie. Kwenye msiba waombolezaji walinong'ona. Mama yao hakuinua uso siku zote za matanga. Baba, mtu aliyeheshimika, aliwaambia wageni kwamba mtoto aligongwa na gari, na akawaamuru watoto wake waseme hivyohivyo. Basi hata kifo cha mdogo wake hakikuingia popote kama kilivyotokea. Mama Wastani alikuwa binti wa sekondari wakati ule. Alijiuliza, wapo wangapi walioripotiwa kugongwa na magari? Swali hilo ndilo lililompeleka kwenye takwimu, ingawa ukimuuliza angekuambia alifuata ajira. Wanafunzi wake hakuwahi kuwasimulia.

Juma lililofuata Mshairi alileta insha kuhusu kifo cha getini. Aliisoma kwa sauti. Alieleza shati la bluu, povu la mswaki, kiatu kimoja kilichobaki mtaroni, na mahojiano yake na wauza matunda watatu. Msichana mwenye miwani alilia wazi, na Mama Wastani mwenyewe alitoa kitambaa.

"Umeandika vizuri mpaka nimelia," alimwambia. "Sasa sikiliza. Hao watatu ni rafiki zako, unakula matunda yao kila siku. Mtaa ule una mamia ya nyumba. Mwenyekiti wa mtaa akikuambia wauaji ni wahuni wachache tu, watu wake wengine ni wapole, utamjibu nini? Utamghania?"

Kicheko kililipuka. Mshairi akakunja karatasi zake akatoka bila kuomba ruhusa. Mama Wastani akajua amevuka mpaka, roho ikamsuta, lakini hakumfuata.

Siku mbili tatu baadaye Mshairi alibisha mlango wa ofisi yake. Hakuketi.

"Nilikwenda kituo cha polisi, Mwalimu. Nikauliza mwaka huu wamekufa wangapi kwa namna ile. Askari wa mapokezi akanicheka. Akasema, 'Hao hatuwahesabu.'"

"Ukasemaje?"

"Sikusema kitu. Nifundishe."

Alimfundisha. Na jamani, yule kijana alijifunza kama aliyekuwa na njaa! Akawa wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka, akawakemea wenzake waliotaka kuwahoji wapangaji wenzao. Darasa zima likaandaa dodoso: nani katika mtaa ule amewahi kuona, kupigwa, au kupiga. Chuo kikaidhinisha. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri na kuahidi kuwatangazia wakazi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuipa kila nyumba namba, halafu kupiga kura ya nyumba za kuhojiwa, asije mtu akachagua zile zenye kivuli na wenyeji wakarimu.

"Mtaandika namba mlangoni kwa chaki," Mama Wastani aliwaelekeza. "Nyumba iliyopata kura mtaizungushia duara."

Hivyo ndivyo alivyoona wahesabuji wa sensa wakifanya, naye hakufikiri zaidi ya hapo. Hakukumbuka kwamba sensa hutangazwa redioni miezi kadhaa kabla. Hakujua, kwa kuwa alikaa upande wa pili wa mji, kwamba mwezi ule nyumba kadhaa za mtaani pale zilikuwa zimevunjwa na wezi, na habari ilishaenea kwamba wezi hupita mchana kutia alama milango watakayoirudia usiku. Wauza matunda wangemwambia, kama angewauliza. Mwenyekiti naye alisafiri kwenda kuzika bila kutangaza chochote.

Jumamosi asubuhi walitawanyika wawili wawili. Mama Wastani alikuwa kwenye kibaraza cha ofisi ya mtaa, anapanga madodoso, alipomwona msichana mwenye miwani anakuja mbio, miwani yenyewe haipo.

"Mwalimu, wanampiga! Wanampiga Mshairi!"

Yaliyotokea aliyasikia baadaye kwa msichana yule, aliyekuwa jozi ya Mshairi na alikuwa ameingia dukani kununua maji. Mshairi alikuwa anachora duara kwenye mlango wa mama muuza mkaa. Mama huyo akatokea nyuma yake na karai.

"We kaka! Unaandika nini mlangoni kwangu?"

Mshairi, kijana wa adabu, aligeuka akatabasamu, akaweka mkono kifuani. "Usiwe na wasiwasi, mama. Tumepiga kura, na nyumba yako imechaguliwa."

Darasani waliyazoea maneno hayo mpaka hawakuyasikia tena. Mama muuza mkaa aliyasikia. Alimpiga karai la uso na kupiga yowe lililofika mtaa wa pili.

Mama Wastani alikimbia na viatu mkononi. Alipofika, Mshairi haonekani, kuna migongo tu, na mlio wa vitu vinavyotua kwenye mwili. Alipiga kelele, "Ni mwanafunzi wangu! Ni mwanafunzi!" na hakuna aliyegeuka. Akaanza kuwavuta mashati. Mmoja akamsukuma. Akainua mkoba wake, uliojaa vitabu na kipande cha chuma cha kutobolea karatasi, akautandika usoni mwa mtu wa karibu mpaka pua ikapasuka. Akautandika tena kwa mwingine. Alikuwa anapiga kwa nguvu zote, bila huruma, na, Mungu amsamehe, kuna sehemu ndani yake iliyofurahia.

"Huyu naye ni mwenzao!" mtu akapaza sauti. "Huyu ndiye bosi wao!"

Gogo la uzio lilimshukia begani. Alisikia mfupa ukitengana kabla ya kusikia maumivu. Akaanguka mbele, na alipoanguka akamwona Mshairi chini, amejikunja, mkono mmoja umepinda mahali pasipo na kiungo, shati lake la pasi limekuwa jekundu. Akatambaa, akamlalia juu. Mateke yakahamia kwake: mbavu, kiuno, kisogo. Chini yake alihisi kijana akijaribu kupumua. Mama muuza mkaa alikuwa amesimama miguuni pao na tofali, anahema, na macho yao yalikutana. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya taa. Kuna mtu alikuwa ameleta dumu.

Kilichowaokoa hakikuwa kitambulisho cha chuo wala muhuri wa mwenyekiti. Alikuwa mwendesha pikipiki aliyezoea kumbeba Mama Wastani jioni kutoka chuoni. Alipenyeza pikipiki yake katikati ya watu, honi haiachi kulia, akaruka akasimama juu ya miili yao.

"Mna wazimu? Huyu ni mwalimu wa chuo! Nambeba kila siku! Mnataka kumchoma mwalimu?"

Wakasita. Mmoja akasema, "Kwani tulijua?" Dumu likawekwa chini. Baada ya dakika chache pale palikuwa peupe, watu wote wamekumbuka wana shughuli nyingine.

Mshairi alivunjika mkono mahali pawili, akapoteza meno ya mbele na usikivu wa sikio la kushoto. Mama yake alikuja hospitalini kutoka mbali, akamkuta Mama Wastani amekaa kwenye benchi, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa bendeji.

"Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndimi, mama."

"Nilikuletea mtoto mzima."

Alitaka kupiga magoti, lakini mbavu hazikumruhusu, basi akainamisha kichwa, akalia mbele ya wauguzi na wagonjwa bila kujifunika uso. Ile chaki aliinunua yeye. Hilo alilijua hata usingizini.

Mkuu wa idara, mwanamume mtaratibu ambaye hakuwahi kulipenda lile somo, alimwita ofisini.

"Tulikuwa tunaishi vizuri na insha zetu," akasema. "Sitaki kukuzidishia uchungu, lakini sitamlazimisha mtoto wa mtu kurudi kule. Akijitokeza mwanafunzi wako hata mmoja atakayerudi mtaa ule kwa hiari yake, somo nitaliacha. Asipojitokeza, Jumatatu nalifuta."

Mama Wastani aliwaambia wanafunzi hivyohivyo, bila kuongeza neno. Kijana mwenye kidole kisichokunjika ndiye aliyesema kwa niaba ya wote, "Tuandike insha tu, Mwalimu. Insha haipigwi mawe." Mwingine akapendekeza wabadilishe, wachukue mtaa ule mwingine wenye maua na mabati ya rangi, watu wake wastaarabu. Hakuwakemea. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha hakuona kwa nini mtu yeyote awahesabu watu wa aina ile. Wachomane tu, alifikiri. Waishe.

Jioni alikwenda kumwona Mshairi. Msichana mwenye miwani alikuwa pale, anamlisha uji kwa kijiko. Mama Wastani akamsimulia Mshairi habari za darasani, na hilo pendekezo la mtaa wenye maua. Mshairi akausukuma uji kando. Maneno yalimtoka kwa shida, kwa sababu ya meno yaliyong'oka.

"Na ule mlango wa mama mkaa? Mmeubadilisha?"

"Bado," Mama Wastani akasema. "Lakini nani ataubisha?"

"Msiubadilishe." Akapumzika kwanza. "Mkitoa nyumba yake mkaweka ya watu wapole, mtapata mtaa wa watu wapole. Halafu mwenyekiti atatuonyesha hayo majibu, atasema, si mnaona?"

Hasira ya kijana yule ilimwondolea Mama Wastani usingizi uliokuwa umemwingia rohoni. Mshairi alikuwa anatetea kile alichokikataa mbele ya darasa zima, na alikuwa anakitetea bila meno. Mama Wastani akamfunika blanketi miguu.

"Mimi nitakwenda," akasema. "Ila siwezi kushika kalamu."

Msichana alikuwa anafuta kijiko kwa leso. Alikifuta muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Nitaandika mimi," akasema. "Msinitazame hivyo. Naogopa. Lakini nitaandika."

Walikwenda asubuhi, baada ya mwenyekiti, aliyerudi kutoka mazikoni na aibu yake, kupita na kipaza sauti. Namba zilikuwa zimefutwa karibu kila mahali. Mama muuza mkaa alikuwa nje anapima mkaa. Alipowaona alisimama, akatazama ile bendeji. Kisha akaingia ndani, akatoa vigoda viwili, akavipangusa kwa kanga. Hakuomba radhi, na Mama Wastani hakuja kuombwa radhi, ingawa moyo wake ulikuwa umejaa chuki.

Waliuliza umri. Waliuliza idadi ya watu wa nyumbani, na watoto, na kazi. Msichana aliandika. Wakafika kwenye swali ambalo wote watatu walikuwa wanalisubiri.

"Katika miaka mitano iliyopita, wewe mwenyewe umewahi kushiriki kumpiga mtu aliyeshukiwa wizi?"

"Unaniuliza mimi? Na hilo bega lako?"

"Nakuuliza kama ninavyowauliza wote, mama."

Mama muuza mkaa akatazama mikono yake, weusi wa mkaa umeingia mpaka kwenye mistari ya viganja.

"Ndiyo. Nimeshiriki."

"Na mtu huyo," Mama Wastani akasoma, akijitahidi sauti yake isipande wala isishuke, "alikuwa ameiba kweli?"

Uso wa mama huyo ulionyesha mtu ambaye hakuelewa swali, na anaona haya kuuliza. Mwisho akainua macho.

"Yupi?"

Kalamu ya msichana ikasimama. Dodoso lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Waliliandaa darasani kwa wiki nzima, wakabishana kila neno, na hakuna kati yao, hata Mama Wastani mwenyewe na yote aliyoyaona maishani, aliyefikiria kwamba ingehitajika zaidi ya moja. Alitamani kuinuka, amwage ule mkaa, ateme mate, aende zake. Akabaki kwenye kigoda.

"Geuza karatasi," akamwambia msichana. Halafu akamgeukia mama muuza mkaa. "Tuanze na wa kwanza."

Mama muuza mkaa akainuka, akaufunga mlango ili watoto wake wasisikie, akarudi akaketi.